Trela ya pini kwa pikapu yenye bodi fupi: tupime kebini kabla ya kununua sahani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Kilifi, ambaye majuma mawili yaliyopita aliuliza ni sahani gani ya trela inayofaa kufungwa ndani ya bodi ya pikapu yake ya dabo kebini, ili alikokote mwenyewe boti lake la faiba badala ya kukodi lori kila linapohitaji kupelekwa kwa fundi. Waliotangulia kumjibu walimtajia viwanda na bei. Kwa maoni yangu walianzia mwisho, kwa sababu sahani ndiyo kitu cha mwisho kuchaguliwa, na kwa pikapu fupi kama zetu kitu cha kwanza ni umbo la trela yenyewe. Nasema hivi nikiwa mtu aliyeendesha malori ya makontena kutoka Kilindini kwa miaka mingi, na ambaye hata hivyo alivunja kioo cha nyuma cha pikapu yake kwa kosa ambalo dereva wa lori hapaswi kulifanya.

Kifaa kinachozungumziwa ndicho madereva wa Changamwe wanachokiita fifwili. Ni sahani nzito ya chuma yenye mdomo wa kupokea pini iliyo chini ya pua ya trela, na ndani yake mna taya zinazoikamata pini hiyo isichomoke. Jina lake lamaanisha gurudumu la tano, ingawa si gurudumu hata kidogo. Lilirithiwa kutoka kwa magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli hiyo iweze kugeuka. Mhunzi August Fruehauf wa Detroit, Marekani, alipounda nusu-trela yake ya kwanza mwaka wa 1914 ili ikokotwe na gari la Ford, mzigo aliokusudia kuubeba ulikuwa boti la mteja wake, kwa hiyo msomaji wa Kilifi asione haya kwa haja yake. Faida ya mpango huu ni kwamba uzito wa trela huikalia ekseli ya nyuma ya pikapu badala ya kuning'inia nyuma ya bampa, na trela haiyumbi ovyo pale basi la Malindi linapokupita kwa kasi.

Ugumu wa bodi fupi ni wa kipimo, wala hautokani na ubovu wa sahani yoyote. Pini inapaswa kukaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma au sentimita chache mbele yake. Dereva anapokata kona kali, hasa anaporudi nyuma, trela huizunguka pini hiyo mpaka ubavu wake ukaribie kuwa sambamba na mgongo wa kebini, na hapo nafasi inayohitajika ni nusu ya upana wa trela pamoja na sentimita kama 10 za usalama. Trela yenye upana wa mita 2.4 yahitaji basi mita 1.3 kutoka katikati ya pini hadi kwenye kebini. Ikiwa pua ya trela imetokeza mbele ya pini, pembe zake hufika mbali zaidi ya nusu hiyo ya upana, na kipimo cha kweli huwa ni kutoka katikati ya pini hadi kwenye ncha ya pembe. Hesabu hii haihitaji fundi. Yahitaji utepe na dakika 5.

Maandishi mengi kuhusu jambo hili yametoka Marekani, na neno "fupi" la huko si fupi letu. Pikapu zao kubwa zenye bodi ndefu zina futi 8, yaani mita 2.44, na wanazoziita fupi zina kati ya futi 5 na nusu na futi 6 na nusu, takriban mita 1.7 hadi 2. Dabo kebini za tani moja zinazojaa barabara ya Magongo kila asubuhi zina bodi ya mita 1.5 hivi, na ekseli iko karibu na katikati ya bodi hiyo. Nilipoipima yangu, kutoka juu ya ekseli hadi kwenye kebini nilipata sentimita 78. Ushauri unaoifaa pikapu fupi ya Texas unaweza kabisa kuvunja kioo cha pikapu fupi ya Mikindani.

Changu kilivunjika kwa sababu sikupima. Nilipoacha kazi ya malori nilianza kubeba mahema na viti vya harusi, nikaundiwa trela ya kisanduku yenye upana wa mita 2.4 tangu mkiani hadi puani. Fundi mmoja alinishauri tununue sahani iliyotolewa kwenye lori lililokatwakatwa, akisema kwamba pini ni ileile ya inchi 2, na katika hilo alikuwa anasema kweli, kwa maana pini ya kawaida ya malori na ile ya trela nyingi za pikapu zina kipenyo kimoja. Safari za barabarani zilikwenda salama. Siku moja, nikiingiza trela kinyumenyume katika lango la ua mmoja huko Tudor, tandiboi wangu aliipiga bodi mara mbili, ishara ya kunisimamisha, lakini mazoea yangu ya lori yaliniambia kwamba nafasi bado ipo. Katika lori, umbali kati ya kebini na pembe za kontena umekwisha kupimwa na waliolitengeneza; mimi nilikuwa nimejitengenezea gari jipya bila kulipima. Pembe ya trela iliingia kwenye kioo na kukunja bati la kebini hadi karibu na mlango.

Yule fundi alikuwa na dawa yake: tuisogeze sahani nyuma kwa sentimita 40. Hapa ndipo ningemsihi msomaji wa Kilifi asimame na kusikiliza, kwa sababu dawa hiyo inatolewa mara nyingi mno katika karakana zetu na kwa macho inaonekana kuwa ya busara. Uzito unaowekwa nyuma ya ekseli hautulii kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, bali hufanya kazi kama mtu aliyekaa nje ya egemeo la pembea, akiinua upande wa pili. Tuseme trela inakalia pini kwa kilo 600, na magurudumu ya mbele na ya nyuma ya pikapu yameachana kwa mita 3. Kuisogeza pini sentimita 40 nyuma ya ekseli kunayaondolea magurudumu ya mbele kilo 80. Huo ni uzito wa gari likiwa limesimama. Likipita kwenye matuta ya barabara, pua ya trela hurukaruka, na kila inapotua upande wa mbele hupungukiwa zaidi. Nilifanya safari moja tu ya namna hiyo, kwenda Kilifi na kurudi, na muda wote usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari lililo juu ya jeki. Isitoshe, ukifunga breki katikati ya kona, msukumo wa trela hupata mkono mrefu wa kuupeleka mkia wa pikapu pembeni.

Sahani ya lori ina makosa mengine mawili kwa kazi hii. Yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 100, nayo imekusudiwa kubeba mzigo mara nyingi zaidi ya ule ambao pikapu yoyote itauona, hivyo mwenye pikapu anabeba chuma kisichomfaa kitu. Zaidi ya hayo, kwa kawaida hutikisika mbele na nyuma tu, ilhali nyingi kati ya sahani zilizoundwa kwa ajili ya pikapu hutikisika pande zote 4. Pikapu inapokanyaga shimo kwa gurudumu la upande mmoja huku trela ikiwa imesimama sawasawa, msokoto ule lazima uende mahali, na sahani isipoupokea utapokewa na chesisi. Yangu ilianza kupasuka rangi kwenye maungio. Kuhusu kuchomelea sahani juu ya sakafu ya bodi bila kuifikia chesisi sitasema mengi, ila kwamba sakafu hiyo ni bati. Sahani hufungwa kwa bolti kwenye reli, na reli hufungwa kwenye mabano yaliyoishika chesisi yenyewe chini ya bodi.

Zipo sahani zilizobuniwa hasa kwa bodi fupi, nazo ni za namna kuu mbili. Ya kwanza huteleza kwa mkono. Dereva anaposafiri, sahani hukaa mahali pake juu ya ekseli. Kabla ya kukata kona kali husimama, huvuta mtaimbo wa kufungulia, hufunga breki za trela na kuisogeza pikapu mbele polepole hadi sahani irudi nyuma, na akimaliza huirejesha kwa kurudi nyuma vivyo hivyo. Kwamba sahani hii huenda nyuma ya ekseli hakupingani na niliyoyasema juu, kwani huwa huko kwa mwendo wa kutambaa tu, uani au langoni, na haipaswi kusafiri hivyo. Namna ya pili huteleza yenyewe kadiri pembe ya kona inavyoongezeka, nayo inahitaji kipande cha chuma kinachofungwa kwenye pini ya trela ili pini isizunguke ndani ya taya. Ni nzito zaidi na ghali zaidi, lakini haimtegemei dereva kukumbuka. Mimi, ambaye nimewaona madereva wenye uzoefu wakisahau hata kuinua miguu ya trela, ningeilipia hiyo ya pili kama ningekuwa na uwezo.

Hata hivyo, umbali ambao sahani hizo huteleza kwa kawaida ni kati ya sentimita 25 na 35. Turudi kwenye utepe wetu: sentimita 78 zangu zikiongezwa 30 zinakuwa 108, nami nahitaji 130. Kwa trela ya mita 2.4, sahani ya kuteleza ya kawaida isingekiokoa kioo changu. Kwa trela ya mita 1.8, ambayo nusu yake ni sentimita 90, ingetosha, na sentimita 8 zingebaki. Kuna pia kisanduku cha pini, yaani kile chuma cha puani mwa trela kinachoishika pini, cha aina ambayo huhamisha egemeo la mzunguko likawa zaidi ya nusu mita nyuma ya sahani, na hicho kwa kipimo kingenitosha, lakini kimetengenezwa kwa ajili ya trela za kitalii za Marekani zenye fremu ya aina yake, na sijaona fundi wa hapa aliyekifunga kwenye trela ya kuunda mwenyewe akaridhika.

Wamarekani hununua trela iliyokwisha kuundwa kiwandani na kuegeshwa kwenye yadi, kisha wanahangaika kutafuta sahani itakayoipatanisha na pikapu iliyokwisha kununuliwa. Sisi trela twaundiwa. Kati ya Changamwe na Miritini kuna watu wanaojua kukata na kuchomelea chesisi ya trela vizuri sana, ukiwapa michoro na vipimo badala ya kuwaambia "nitengenezee kama ile ya fulani". Mwenye pikapu fupi hana sababu ya kuagiza mashine ya kuteleza kutoka ng'ambo, ailipie meli na ushuru, ili kutatua tatizo ambalo msumeno wa fundi ungelitatua kabla halijazaliwa.

Trela yangu ya pili ina shingo nyembamba, upana wa sentimita 40, inayopita juu ya bodi na kushika pini kwenye ncha yake. Shingo nyembamba namna hiyo huzunguka juu ya sahani bila hata kuikaribia kebini. Kinachobaki kupimwa ni pembe za mbele za jukwaa la trela zisiguse pembe za nyuma za pikapu. Kutoka kwenye pini hadi nyuma ya bampa nina sentimita 90, na nusu ya upana wa pikapu ni sentimita 90 vilevile, kwa hiyo mstari wa mshazari hadi kwenye pembe ya bampa ni mita 1.27, nikaamuru jukwaa lianze mita 1.4 nyuma ya pini. Gharama ya vyuma vya shingo hiyo ilikuwa chini ya nusu ya bei niliyotajiwa kwa sahani ya kuteleza. Sharti lake ni kwamba shina la shingo, pale inapopinda kushuka kwenye jukwaa, liimarishwe kwa vipande vya pembetatu pande zote mbili, kwa sababu mzigo wote wa mbele hupitia hapo. Na kwa boti, ambalo kwa maumbile yake lina pua nyembamba, sioni kwa nini mtu aunde trela ya umbo jingine. Sahani niliyofunga ni ya kawaida, isiyoteleza, nyepesi, yenye kutikisika pande 4.

Baada ya nafasi, uzito. Sisi wa malori tulizoea kupimwa kwenye mizani ya Mariakani ekseli kwa ekseli, lakini mwenye pikapu hupima kwa kutazama kama matairi yamebonyea. Trela ya namna hii hukalia pini kwa asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake wote, na mafundi wengi hukadiria 20. Ikipungua chini ya 15, trela huanza kuyumba. Chukua boti, injini na trela vyenye jumla ya tani 3. Pini itabeba kilo 600. Ongeza kilo 80 za sahani na reli zake, kisha watu 5 wa kilo 70 kila mmoja, na pikapu ya kubeba tani moja imekwisha kupita kiwango chake kwa kilo 30 kabla hujaweka hata dumu la petroli. Takwimu ya kukokota inayotangazwa na wauzaji wa magari, ambayo katika baadhi ya pikapu hizi hufika tani 3.5, ni ya kuvuta kwa tufe, lile la chuma linalofungiwa trela nyuma ya bampa, ambako uzito unaokalia gari ni mdogo. Anayefunga sahani ndani ya bodi huishiwa na uwezo wa kubeba muda mrefu kabla ya kuishiwa na uwezo wa kuvuta. Watu wawili wabaki nyumbani, au waje kwa matatu.

Jambo ambalo sikuliona katika maelezo yoyote ya wageni, na ambalo kila mtu wa Mombasa atalielewa, ni feri. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, mteremko wa kushukia kivukoni Likoni huwa mkali. Pikapu inapoinamisha pua kuteremka huku trela ikiwa bado kwenye tambarare, mkia wa bodi huinuka na kulisogelea tumbo la shingo. Kati ya ukingo wa juu wa bodi na chuma cha trela paachwe angalau sentimita 15, zipimwe boti likiwa limepakiwa, kwa maana springi zikilala vipimo hubadilika. Barabara ya Dongo Kundu imetuondolea haja ya feri kwa safari nyingi za kusini, lakini kila mteremko wa kushushia boti baharini ni Likoni ndogo. Ajihadhari pia na grisi: mchanga wa ufukweni ukichanganyika na grisi juu ya sahani huwa kama msasa. Bamba la plastiki linalovishwa kwenye pini hufanya kazi ileile ya kulainisha bila kukusanya mchanga.

Kuhusu breki, trela ya pini isitegemee zile breki za msukumo zilizo kwenye trela ndogo za tufe, ambazo hufanya kazi pale trela inapousukuma mkono wake wa mbele. Yahitaji breki za umeme zinazotawaliwa kutoka kebini, pamoja na waya wa kuzifunga trela inapochomoka. Trela isajiliwe na ipate nambari yake yenyewe inayoanza kwa Z, na bima ijulishwe. Baada ya kuunganisha, taya zitazamwe kwa tochi, breki za trela zifungwe, na pikapu ivutwe mbele kidogo kabla miguu ya trela haijainuliwa, ili kama pini haikukamatwa trela ibaki imesimama kwa miguu yake na isiangukie kingo za bodi.

Namwomba basi msomaji wa Kilifi apime kwanza kutoka juu ya ekseli yake hadi kwenye kebini, apime upana wa boti lake, na kama Mhariri ataridhia, aziandike namba hizo mbili katika ukurasa huu. Nitamjibu kwa furaha trela yake ianze wapi. Ile sahani ya lori bado ninayo, endapo kuna mwenye lori anayeihitaji. Kwa sasa inazuia lango la nyumbani lisipigwe na kusi.

Wako mwaminifu,
Dereva mstaafu,
Mikindani, Mombasa